Siku Tutakapotolewa

Ahadi ilitolewa jikoni kwetu, hapa Minnesota, mwezi wa nne, wakati theluji ya mwisho ilikuwa bado imerundikana kwenye kona ya maegesho, imekuwa nyeusi kama mkaa uliolowa. Mume wangu alikuwa ametoka kwa daktari wa mifupa na picha za goti lake la kulia kwenye simu. Daktari alikuwa amemwambia kwamba gegedu limekwisha, kwamba atahitaji kupasuliwa, na kwamba mpaka hapo asikimbie ghafla wala asigeuke ghafla. Mume wangu ni nahodha wa timu ya kriketi. Na kriketi, kwa kadiri ninavyoielewa mimi niliyekulia Morogoro ambako hatukuijua, ni mchezo wa kusimama kwa muda mrefu sana, kisha kukimbia ghafla na kugeuka ghafla.

"Msimu huu mmoja tu," alisema.

"Daktari amesema nini?"

"Amesema nipange siku nikiwa tayari. Sikiza, mama. Mwaka huu si ligi, ni kombe la kaunti. Mtoano. Ukipoteza mechi moja, unaenda nyumbani. Siku tutakapotolewa, mimi naacha. Kabisa. Jumatatu yake nampigia daktari."

Nilimwomba arudie, akarudia bila kubadilisha neno. Binti yetu, aliyekuwa anakula nafaka na maziwa upande wa pili wa meza, alisema kwa Kiingereza chake cha darasa la saba kwamba yeye ni shahidi, na kwamba baba asije akasema baadaye alikuwa anatania.

Nilikubali haraka kuliko alivyotegemea. Nilikuwa na sababu. Tangu timu hiyo ianzishwe haikuwahi kuvuka raundi ya kwanza ya shindano lolote la mtoano. Raundi ya kwanza ilikuwa mwishoni mwa mwezi wa tano. Niliona kwamba mwezi wa sita ukifika, goti litakuwa mikononi mwa wataalamu na Jumamosi zangu zitakuwa zimerudi.

Niseme kidogo kuhusu timu yenyewe. Wengi wao ni Wakenya waliojifunza mchezo huo katika shule za Nairobi, na sasa ni manesi, wahasibu na watu wa maabara. Mume wangu mwenyewe ni nesi wa wodi ya wagonjwa wa moyo, kazi ya kusimama kutwa, jambo ambalo goti lake halikulifurahia pia. Mpigaji wao bora ni mfamasia kutoka Tanga, mtu wa asili ya Kihindi, mwenye Kiswahili kizuri kuliko cha wote. Yeye huniita dada. Wakenya huniita shem. Uwanja wao ni ukanda wa saruji uliotandikwa mkeka katikati ya bustani ya umma, kati ya viwanja viwili vya besiboli, na kabla ya kila mechi lazima mtu apite na reki kuondoa mavi ya bata bukini. Zamu hiyo haina ubaguzi, hata nahodha huishika.

Anayeupiga mpira wao humwita mpigaji, na kifaa anachopigia wanakiita gongo. Zamani tukichumbiana kwa simu, yeye akiwa huku na mimi Morogoro, aliwahi kuniambia kwamba kila Jumamosi anashinda na gongo lake. Mama yangu alikuwa karibu. Kwetu gongo ni kinywaji, tena kile cha kupikwa vichakani, na ilinichukua wiki nzima kumshawishi kwamba huyu Mkenya anafaa.

Mchezo wanaocheza ni ule mfupi. Kila timu inarushiwa ova ishirini, yaani mipira sita mara ishirini, na mambo yanakwisha mchana mmoja. Wapigaji huwa wawili uwanjani, mmoja kila mwisho wa mkeka. Mpira ukipigwa wanabadilishana upande, na kila wakifanikiwa kubadilishana ni mkimbio mmoja. Mpira ukirudishwa ukagonga vijiti vilivyosimikwa mwishoni mwa mkeka kabla mpigaji hajafika, anatoka. Kwa hiyo lazima waitane. Mmoja aseme tukimbie au tusikimbie, na mwenzake amsikie. Timu nzima ya mume wangu iliingia matatani kwa ajili ya jambo hilo dogo.

Kabla ya majira kupata joto wanafanya mazoezi ndani ya ukumbi wa kanisa moja kule Fridley, kwa mpira wa tenisi uliozungushiwa utepe. Upande wa pili wa ukuta ndipo kwaya ya Wakongo inapofanyia mazoezi. Jioni moja nilikuwa nimekaa kwenye benchi nikimsubiri mume wangu, na mlangoni alisimama kijana mmoja mrefu, amembeba mtoto mchanga kwenye mkono wa kushoto. Alikuwa anamsubiri mkewe, aliyeimba sauti ya kwanza kwenye kwaya, atoke. Mfamasia alipiga mpira vibaya, ukaruka moja kwa moja kuelekea mlangoni. Yule kijana hakurudi nyuma wala hakupiga kelele. Alinyoosha mkono wa kulia, akaudaka juu ya kichwa cha mtoto, akamtazama mtoto kama ameamka. Hakuwa ameamka. Akaurudisha mpira taratibu.

Mume wangu alimwendea akichechemea kidogo.

"Bro, unacheza nini wewe?"

"Mimi ni golikipa," alisema. "Kule Uvira nilikuwa golikipa. Hapa iko kazi tu, mukubwa. Shakopee, kwa ghala."

"Jumamosi unafanya kazi?"

"Jumamosi hapana."

"Basi sasa unafanya."

Ndivyo walivyompata mlinda wiketi, yule anayechuchumaa nyuma ya vijiti na kudaka kila kinachopita. Kudaka hakuhitaji kufundishwa. Kanuni ndizo zilizomsumbua. Aliuliza maswali ambayo mimi nilikuwa nikiyafikiria kwa miaka bila kuthubutu kuyauliza. Kwa nini wanasimama kunywa maji ikiwa hakuna aliyekimbia? Kwa nini mwamuzi amejaza kofia za watu wengine mkononi? Kwa nini mtu aliyetolewa anapigiwa makofi? "Kwetu ukitolewa," alisema, "hata mama yako anaangalia upande."

Tatizo la kuitana lilianza naye. Wengine walikuwa wanaitana kwa Kiingereza: yes, no, wait. Yeye Kiingereza alikipata ghalani, na ghalani, alinieleza baadaye, msimamizi akikuita unajibu yes kwanza, halafu ndipo unatafuta alichosema. Kwa hiyo mume wangu akipaza sauti ya kumzuia, yeye alijibu kwa adabu, "Yes!", maana yake nimekusikia, mukubwa, na mwenzake, akidhani ameambiwa wakimbie, alikuwa tayari yuko njiani. Katika jioni moja ya mazoezi watu wanne walitoka kwa njia hiyo. Mfamasia alikaa chini katikati ya ukumbi akacheka mpaka akalala.

"Tuitane kwa Kiswahili," nahodha aliamua. "Sisi sote si tunajua? Kukimbia ni kuja. Kubaki ni ngoja. Kwisha."

Golikipa alirudia kwa furaha. "Kuya. Ngoya."

Nilisikia tofauti ya herufi hiyo, kama ninavyosikia tofauti nyingi kati ya Kiswahili chao na changu, nikaona ni lahaja tu, inapendeza. Kila mtu aliona hivyo.

Raundi ya kwanza walishinda. Nilikuwa nimekwenda na kiti cha kukunja, dawa ya mbu na moyo mweupe, tayari kumpokea mume wangu mstaafu. Golikipa alidaka mipira mitatu ambayo mlinda wiketi wa mwaka jana angeisindikiza kwa macho, na kwa mpira mwingine alimtoa mtu kwa kugusa vijiti kabla yule hajarudisha mguu. Mume wangu alikuwa amejiweka wa mwisho kabisa kwenye mpangilio wa wapigaji ili asilazimike kukimbia, na siku ile hakuhitajika kupiga. Alirudi nyumbani akaweka mfuko wa njegere za kugandishwa juu ya goti, akanitazama.

"Hatujatolewa," alisema.

"Nimeona."

"Nasema tu."

Mimi ndiye ninayeandika taarifa ya kila mechi kwenye kundi la simu la timu na familia zao. Matokeo kwanza, kisha nani alifanya nini, kisha hali ya hewa. Nilipoandika ile ya kwanza niligundua kwamba sijui namna ya kuandika taarifa ya ushindi, sikuwahi kuhitaji. Niliandika kwamba walishinda, halafu nikafuta, nikaandika tena na alama ya mshangao.

Raundi ya pili walikutana na timu ya wahandisi wa kompyuta kutoka Plymouth, watu wenye sare zilizopigwa pasi na mtu maalumu wa kubeba maji. Vijana wetu walikuwa wamegundua faida nyingine ya Kiswahili, kwamba wanaweza kupanga njama kwa sauti mbele ya mpigaji wa upande wa pili. Alipoingia mzee mmoja wa Kihindi, mwenye ndevu nyeupe na mwendo wa pole, mume wangu alipaza sauti kutoka upande wake.

"Huyu mguu wa mbele hausongi. Mrushie mbali, nje kabisa, atajikwaa mwenyewe!"

Mzee aligonga gongo lake chini mara mbili. Bila kugeuka, akasema, "Rusha tu, kijana. Lakini usicheke goti la mwenzio. Mimi nimezaliwa Kisumu, na naona la kwako pia si zima."

Nilikuwa nimekaa mbali na bado niliona mabega ya mume wangu yakishuka. Wenzake walicheka kiasi kwamba mrushaji alilazimika kuanza upya. Mzee alipiga mikimbio mingi kabla golikipa hajamdaka, na akiwa anatoka alisimama kwa mume wangu.

"Umeenda kwa daktari?"

"Nimeenda, mzee."

"Na bado uko hapa."

"Bado hatujatolewa."

"Aisee," alisema mzee, "hata mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo." Akaenda zake kukaa.

Walishinda mechi hiyo pia, baada ya ving'ora vya dhoruba kulia na watu wote kukimbilia magari, na mwamuzi kupunguza ova kwa sababu ya mvua. Ndani ya gari letu tulikuwa sita. Golikipa alikuwa amebanwa kati ya binti yangu na sanduku la barafu, akimfundisha kuhesabu kwa Kifaransa, na binti yangu akimfundisha kuagiza kuku wa kukaanga kupitia dirisha la gari bila kusema yes mpaka aelewe swali.

Hapo ndipo nilipoanza kupoteza msimamo. Kwa mkataba wetu mimi nilipaswa kuwaombea washindwe. Sikuwahi kumwambia mtu hivyo waziwazi, lakini ndivyo ilivyokuwa: kila ushindi ulikuwa ni wiki nyingine za goti lile kupanda ngazi zetu moja moja, huku mkono wake ukishika ukuta. Nilimwona asubuhi akivaa soksi. Nilimwona akijifanya amesimama kusoma tangazo kwenye duka la vyakula, tangazo la chanjo ya mbwa, na sisi hatuna mbwa. Halafu Jumamosi ilifika, nikaketi kwenye kiti changu cha kukunja, mpira wa kwanza ukarushwa, na nikajikuta nimesimama nikimpigia kelele mtu adake.

Nusu fainali niliiangalia kwa kusimama yote. Mfamasia alipiga kama mtu aliyetukanwa. Upande wa pili walihitaji mikimbio michache kwenye ova ya mwisho, na golikipa aliruka upande wa kushoto akadaka mpira kwa vidole viwili, akaanguka juu ya kilichosahauliwa na reki. Aliinuka na shati la kijani, mikono juu, na hakuna aliyemkumbatia isipokuwa nahodha.

Usiku ule nilimuuliza mume wangu, "Mkishinda kombe?"

"Tukishinda kombe hatujatolewa."

"Kwa hiyo?"

Alifikiri. "Sijui, mama. Sikufikiria tutafika."

"Hata mimi."

Alihamisha mfuko wa njegere upande mwingine wa goti. Akasema, kwa sauti ya chini, kwamba kitu asichokitaka si kuacha kucheza. Asichokitaka ni kuacha siku mbaya. Alikuwa amecheza tangu akiwa na miaka kumi na moja, na aliwajua watu walioacha siku mbaya. Walikuwa bado wanaisimulia. Nilimwelewa. Kuanzia hapo sikujua tena nimwombee nini.

Fainali ilichezwa mwezi wa nane, siku ya jua kali na upepo wa kusini, ule unaobeba sauti na kuitupa mahali pengine. Watu walikuwa wengi kuliko kawaida. Kwaya ya Wakongo ilikuja yote na sufuria, wake wa Wakenya walikuja na chapati, na mzee wa Kisumu alikuja na kiti chake, akakiweka karibu na changu bila kuomba, akaanza kunieleza makosa ya kila mtu.

Wapinzani walianza kupiga na walipata alama nyingi, ila si za kutisha. Kisha ikawa zamu yetu. Mfamasia alitoka mapema, na mzee akasema "ah" kama aliyeona kikombe kikianguka. Wengine walimfuata mmoja mmoja. Golikipa, ambaye kufikia hapo alikuwa amejifunza kupiga kwa mtindo wake mwenyewe, kama mtu anayefagia nyoka, alibaki uwanjani huku wenzake wakitoka. Ova ya mwisho ilipofika tulihitaji mikimbio mitano, na aliyebaki ni nahodha, wa mwisho kabisa.

Aliingia akitembea. Sijawahi kumwona mtu akijitahidi hivyo kutembea kawaida.

"Asikimbie," alisema mzee. "Wapige nje ya uwanja tu, huko hakuna kukimbia."

Mpira wa kwanza golikipa aliufagia ukaenda mbali, wakapata miwili. Mume wangu alikimbia kwa mguu mmoja na nusu. Wa pili ulipita. Wa tatu golikipa aliugusa tu, ukaenda taratibu upande wa kulia, pale aliposimama mlinzi wao mwepesi kuliko wote. Golikipa alimwona. Alinyanyua mkono na kupaza sauti, na upepo ukaichukua.

"Ngoya!"

Mimi niliisikia hivyo kwa sababu nilikuwa upande wa upepo. Mume wangu, upande wa pili wa mkeka, alisikia, "Kuya!" Akaja.

Golikipa alipomwona yuko njiani alianza kupiga kelele zote alizo nazo. "Rudi! Rudi, mukubwa! Ngoya! Attention! Rudi!" Kwaya nzima ilisimama. Mlinzi aliukosa mpira mara ya kwanza. Ulimpita mguuni, akageuka kuuokota. Kulikuwa na muda. Niliuona muda huo ulivyokuwa mrefu. Mume wangu alisimama katikati, akaweka mguu wa kulia chini ili ageuke, na hakugeuka. Alibaki hapo mkono mmoja umeinuliwa, kama anayesimamisha basi. Kisha akaanza kurudi kwa kuruka mguu mmoja. Mpira ukafika, vijiti vikaanguka, na wapinzani wakarukiana.

"Ametolewa," alisema mzee wa Kisumu, na katika Kiswahili kitenzi hicho kilitosha kwa vyote viwili, mpigaji na timu.

Golikipa alikuwa amepiga magoti. Mume wangu alimfikia akichechemea, akamshika kwapani kumwinua, na badala yake karibu waanguke wote wawili. Walipewa medali za washindi wa pili na picha. Taarifa yangu kwenye kundi ilianza na matokeo na ikaishia kwenye hali ya hewa, na sikuandika chochote kuhusu herufi.

Kesho yake, Jumapili baada ya ibada, kengele ililia. Alikuwa golikipa na mkewe na mtoto, wote wamevaa nguo za kanisani, na mkewe amebeba sombe, kisamvu cha kwao, na samaki kwenye bakuli lililofungwa kwa kitambaa. Golikipa alikataa kukaa. Alisimama katikati ya sebule, mikono mbele.

"Mukubwa, nimekuya kuomba pardon. Mimi njo nilikutosha."

Kwetu kutosha ni kutosha. Kwao ni kutoa. Binti yangu, ambaye Kiswahili anakielewa vizuri ila anakijibu kwa Kiingereza, aliuliza kwa nini mjomba anaomba radhi kwa kuwa anatosha. Nilimnyamazisha kwa jicho.

"Kaa kwanza, bro," alisema mume wangu kutoka kwenye kochi, mguu juu ya mto.

"Siwezi kukaa. Bibi yangu hajalala. Anasema nimeharibu kazi ya mtu wa tangu utoto kwa sababu ya mdomo." Mkewe alitikisa kichwa kuthibitisha. "Lakini nimefikiri. Nimefikiri usiku mzima. Mukubwa, ahadi yako kwa mama ilisema nini? Siku mtatolewa. Bon. Sisi hatukutolewa! Kutolewa ni mbele ya fainali. Ukifika fainali, hakuna wa kukutosha. Unapoteza tu. Unakuwa finaliste. Kwa mpira wote wa dunia iko hivyo."

Mume wangu alinitazama. Binti yangu alinitazama. Mkewe golikipa, ambaye tulikuwa tumekutana mara tatu tu, aliweka bakuli mezani akanitazama pia.

Hoja haikuwa mbaya. Nimesikia mbaya zaidi kwa watu waliosomea sheria. Na maneno yenyewe nilikuwa nayo kichwani kama yalivyotamkwa: siku tutakapotolewa. Ningeweza kuyatafsiri upande wowote. Nilimwona mume wangu akisubiri, na nilimwona pia jana yake katikati ya mkeka, mguu umewekwa chini na mwili umekataa kuzunguka. Nikafungua mdomo bila kujua kitakachotoka.

"Tumetolewa," alisema mume wangu kabla yangu.

"Mukubwa..."

"Njoo hapa." Alijiinua. Alimsukuma golikipa mpaka mlango wa jikoni. "Wewe simama hapo. Hapo ndio mwisho wako. Mimi niko huku, kwa TV. Wewe," akamwambia binti yetu, "chukua mto, wewe ndio ule jamaa. Ukosee kwanza, halafu uokote. Sawa. Bro, niite."

"Nikuite namna gani?"

"Vile uliniita."

Golikipa alisita. "Ngoya," alisema, kwa sauti ya mtu aliye msibani.

Mume wangu alichechemea hadi katikati ya zulia. "Hapa nasikia vibaya. Hiyo ni ya upepo. Sasa nipigie kelele."

"Rudi, mukubwa."

"Kwa nguvu!"

"Rudi! Rudi! Ngoya!" Mtoto mchanga alishtuka akaanza kulia. Binti yangu aliangusha mto kwa makusudi, akauokota polepole, tena kwa maringo. Mume wangu aliweka mguu wa kulia chini, akajaribu kugeuka, na uso wake ukabadilika. Akashika mgongo wa kiti. Binti yangu alikuwa bado ameshika mto, hakuurusha.

"Umeona?" alisema, akihema. "Hiyo ya pili niliisikia, bro. Niliisikia sawasawa, hata mtu wa barabarani aliisikia. Mimi nilisikia. Goti ndilo halikusikia. Hata ungeniita kwa Kiingereza, kwa Kifaransa, kwa nini sijui, ningekuwa nimesimama tu hapo."

Golikipa alimtazama. Kisha akatazama goti, kama anayetathmini uamuzi wa mwamuzi. "Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe. Ni huyu." Alijipiga paja. "Na huyu amefanya kazi vizuri sana, hatutamsema."

Mkewe golikipa alicheka kwanza, kwa nguvu, mkono mdomoni. Kisha golikipa akakaa, hatimaye, na akavua koti. Nilileta sahani. Tulikula sombe na samaki na chapati zilizobaki jana, na wanaume wakabishana kuhusu nahodha wa mwaka ujao. Golikipa alisema hawezi, Kiswahili chake kina matatizo ya kisheria. Mfamasia, aliyepigiwa simu na kuwekwa kwenye spika, alipendekeza kwamba neno la kubaki liwe "bado" na la kukimbia liwe "twende", maana hayo hata upepo wa Minnesota hauwezi kuyachanganya. Walijaribu pale pale, wakipeana zamu kati ya jikoni na TV, na mume wangu akawaongoza kutoka kwenye kochi, akipaza sauti na kuwasahihisha, mpaka mtoto akaacha kulia na kuanza kuwashangaa.

Jumatatu, wakati wa mapumziko ya chai kazini kwake, alimpigia daktari. Alinipigia mimi baadaye kunieleza kwamba amechagua mwezi wa kumi, kabla ya barafu, kwa sababu mikongojo na barafu havipatani. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Nyuma yake nilisikia mashine za wodi zikilia taratibu.

"Uko sawa?" nilimuuliza.

"Niko sawa. Haikuwa siku mbaya, mama. Ilikuwa mpira wa tatu wa ova ya mwisho." Kisha akauliza, "Eti, hao waamuzi, huwa wanakimbia?"

"Nimewatazama msimu mzima," nilisema. "Wanasimama tu, na kushika kofia za watu."

"Vizuri," alisema, na akarudi kwa wagonjwa wake.